Geji inasema nzima, wateja wanasema mbovu: tunavyokosea kupima mashine za kunakili

Kuna fundi mmoja wa funguo hapa Dar es Salaam aliniuliza swali ambalo nilipaswa kulijibu kwa neno moja, nikashindwa. Nilikuwa nimemaliza kuipima mashine yake kwa geji ya saa, ile yenye mshale na uso kama saa ya ukutani. Nikamwambia haina tatizo. Akacheka kidogo, akasema:

"Injinia, geji yako inasema nzima, wateja wangu wanasema mbovu. Nimsikilize nani?"

Jibu lilikuwa: wateja. Mimi nikaanza kumweleza geji inavyofanya kazi. Makala hii inakosoa jibu nililompa siku ile, pamoja na mazoea ya darasani na gereji yaliyonifanya nilitoe bila hata aibu. Na si mzaha: kabla yangu walishapita mafundi wengine wawili, mmoja akamshauri anunue mota, mwingine akambadilishia beringi. Alilipa vyote viwili. Funguo zikaendelea kurudi.

Mashine yenyewe

Ile mashine unayoiona kwenye meza ya fundi funguo pale stendi ni milingi ya kunakili, ndogo lakini kamili. Ina majiriwa mawili yaliyokaa juu ya kareji moja. Jiriwa la kwanza linabana ufunguo wako wa asili, la pili linabana ufunguo mbichi, yaani ule ambao haujachongwa. Mbele ya ufunguo wa asili kuna kidole cha chuma kisichozunguka. Mbele ya ufunguo mbichi kuna kisu cha duara chenye meno, kinachozungushwa na mota. Fundi akisogeza kareji, kidole kinapanda na kushuka kwenye mabonde ya ufunguo wa asili, na kisu kinachimba mabonde yale yale upande wa pili.

Wazo hili ni la zamani. Mwaka 1820 Mmarekani Thomas Blanchard alipata hataza ya mashine ya kukereza maumbo yasiyo ya duara, ikatumika kuchonga vitako vya bunduki kwa kufuatisha kielelezo. Baadaye zikaja mashine kubwa za kunakili kalibu za chuma, ambazo kidole chake hakisukumi kisu moja kwa moja bali kinaamuru vali ya oili. Ukubwa ukabadilika, kanuni ikabaki ileile: kisu kinafanya kile ambacho kidole kinahisi.

Kwa hiyo kwenye mashine hizi kuna jambo moja tu linalohesabika, nalo ni je, kisu kiko mahali palepale kwenye ufunguo mbichi ambapo kidole kipo kwenye ufunguo wa asili? Jibu linapita kwenye mnyororo: kutoka kidole kwenda fremu, fremu kwenda shafti ya kisu, kisu kwenda ufunguo mbichi, jiriwa lake, kareji, jiriwa la pili, ufunguo wa asili, kisha unarudi kwenye kidole. Pingili yoyote ya mnyororo huo ikicheza, nakala inaharibika. Na pingili nje ya mnyororo huo, hata ikilegea kama jino la mtoto wa miaka sita, haiharibu kitu zaidi ya kelele. Mota iko nje ya mnyororo. Hapo tu yule mshauri wa kwanza alishakosea.

Kosa linaloruhusiwa ni dogo. Kwenye vitasa vya Schlage, tofauti kati ya kina kimoja cha bonde na kinachofuata ni milimita 0.381, kwa Kwikset ni milimita 0.584. Pini ndani ya kitasa hazisubiri ukosee hatua nzima ndipo zigome. Sehemu chache za kumi za milimita, wakati mwingine pungufu ya hapo, zinatosha ufunguo kukwama.

Bwana Schlesinger na mashine iliyolala

Upimaji wa mashine za karakana tunaofundishwa una baba yake. Georg Schlesinger alikuwa profesa wa mashine za karakana Charlottenburg, Berlin, tangu 1904. Mwaka 1927 alitoa kitabu cha vipimo vya kupokelea mashine: shafti ipotoke kiasi gani ikizunguka, meza iwe sambamba na reli kwa kiwango gani, nguzo isimame wima kiasi gani. Kila kipimo kina mchoro wake, mahali pa kuweka geji, na kiwango kinachoruhusiwa. Utawala wa Kinazi ulimfukuza. Alifia Uingereza mwaka 1949. Kazi yake haikufa. Roho yake imo hadi leo ndani ya kiwango cha kimataifa cha ISO 230-1.

Nianze na haki yake. Kabla ya vipimo vile, mnunuzi na muuzaji wa mashine walikuwa wakibishana kwa maneno. Schlesinger aliwapa kitu cha kubishania kwa namba. Mashine ikiwa mpya na umelipia usahihi fulani, vipimo vyake ndivyo vitakavyokuambia kama umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Hiyo ni kazi kubwa, na hakuna aliyeifanya vizuri kabla yake.

Tatizo ni kwamba tumechukua kipimo cha kupokelea mashine mpya tukakifanya kipimo cha kutafutia ugonjwa wa mashine kuukuu. Kichwa chenyewe cha ISO 230-1 kiko wazi: kinahusu usahihi wa kijiometria bila mzigo, au katika hali inayokaribia utulivu. Waandishi wake hawakutudanganya, na mtetemo una sehemu yake nyingine katika mfululizo huohuo. Sisi ndio tunaoruka kichwa cha habari. Darasani nilifundishwa kuweka geji, kuzungusha shafti kwa mkono, kuandika namba, kisha kuandika neno "inafaa". Sikumbuki hata siku moja mtu akisema: sasa isukume.

Ulegevu ni tabia ya mashine chini ya nguvu. Ukiipima ikiwa imelala, unachopima ni mahali ilipolalia.

Springi inayoficha

Twende kwenye mashine ya yule fundi, maana ndiyo iliyonifundisha. Kareji yake ina springi inayoivuta upande mmoja muda wote. Shafti ambayo kareji inatelezea ilikuwa na mwanya, ila springi iliisukuma ikagota ukutani mwa mwanya ule na kuishikilia hapo. Nilipoweka geji, mshale haukutikisika. Ungetikisika vipi? Springi ilikuwa imeshaumeza mchezo wote.

Kisu kikianza kuchimba, mambo yanageuka. Kina nguvu yake, na kwenye mteremko mmoja wa bonde kinasukuma kareji upande ule ambao springi inaivutia, kwenye mteremko wa pili kinaisukuma kinyume. Pale kinapoishinda springi, kareji inavuka mwanya wote kwa mruko mmoja. Meno yanayumba, fundi anasikia mkwaruzo, na ufunguo unatoka na bonde lililosogea pembeni. Ukizima mota ili uchunguze, springi inarudisha kila kitu mahali pake, kama mtoto aliyesikia mama anafungua mlango.

Jiriwa nalo lilikuwa na siri yake. Nyuzi za skrubu yake zilikuwa zimelika, kwa hiyo kila unapokaza, taya linanyanyuka kidogo upande mmoja kabla ya kubana. Mimi nilipima jiriwa likiwa tupu. Jiriwa tupu halina sababu ya kunyanyuka.

"Kaza" si utambuzi

Kama kosa la darasani ni kuipima mashine ikiwa imelala, kosa la gereji ni neno moja: kaza. Mashine inatetemeka? Kaza. Nakala zinatofautiana? Kaza zote. Ninaelewa neno hili linatoka wapi. Mara nyingi linasaidia, na halina gharama. Lakini linachanganya magonjwa matatu ambayo dawa zake hazifanani.

La kwanza ni mchezo. Sehemu inasogea kwa nguvu ndogo sana, kisha inagota. La pili ni kunyumbuka. Sehemu imekazwa vizuri tu, ila ni nyembamba, na inapinda kadiri unavyoisukuma. Tuseme kidole na mkono wake vina ukakamavu wa nyutoni 200 kwa kila milimita. Ukibonyeza kwa nyutoni 20, sawa na uzito wa kilo mbili hivi, kimeshapinda milimita 0.1. Hapo hakuna bolti ya kukaza. Dawa ni kupunguza nguvu au kuongeza chuma. La tatu ni mtetemo wa kujichochea: jino la kisu linaacha wimbi dogo kwenye chuma, jino linalofuata linapita juu ya wimbi lile, nguvu inapandashuka, wimbi linakua. Unalitambua kwa mlio wake na kwa mistari yenye nafasi sawa kwenye bonde. Linaweza kutokea hata kwenye mashine isiyo na mchezo wowote.

Kukaza kunaweza kuongeza ugonjwa pia. Beringi iliyobanwa kupita kiasi inapata joto na kufa mapema. Reli iliyobanwa mno inafanya kareji ikwame, iachie, ikwame tena, na fundi anaongeza nguvu ya mkono ili kuishinda. Nguvu ikiongezeka, kunyumbuka kunaongezeka. Kwenye zile mashine kubwa za vali ya oili, mchezo kwenye kiungo kinachorudisha taarifa kwa vali, ukichanganyika na vali inayojibu kwa ukali, unaweza kuifanya meza icheze mbele na nyuma bila kutulia hata kama hakuna kinachokatwa. Pale unaweza kukaza bolti zote za msingi mpaka jioni, na meza ikaendelea kucheza ngoma yake.

Ubaya mkubwa zaidi: ukikaza vyote kwa pamoja umefuta ushahidi. Mashine ikipona hujui ilikuwa inaumwa nini, na ikirudia unaanza upya.

Ihoji kwa nakala zake

Kipimo ninachokitetea ni cha kawaida kabisa: iache mashine ifanye kazi yake, kisha upime kazi hiyo. Unahitaji funguo mbichi kama kumi na vernia. Zile taya nyembamba za vernia zinafika chini ya bonde. Unapima kutoka mgongo wa ufunguo hadi kitako cha kila bonde.

Chonga nakala tano kutoka kwa ufunguo mmoja uleule wa asili, ukifungua na kubana upya kila mara. Andika vina vyote. Kama zote tano zimekosea kwa kiasi kilekile, mashine haijalegea. Kidole na kisu havijalinganishwa, basi. Rekebisha skrubu ya kidole. Kama wastani uko sawa lakini nakala zinatawanyika, huo ndio ulegevu. Wastani unakuambia habari za marekebisho, mtawanyiko unakuambia habari za mchezo. Watu wengi wanachonga nakala moja, wanaona imekosea, wanageuza skrubu ya kidole, na kesho inakosea upande wa pili. Walikuwa wanaukimbiza mtawanyiko.

Ukishajua ni ulegevu, unautafuta uliko kwa kubadili jambo moja tu kwa wakati:

Pitisha kisu mara ya pili bila kugusa kitu, mkono mwepesi. Kisu kikikata tena kwa kiasi cha maana, maana yake mara ya kwanza kitu kilirudi nyuma chini ya nguvu.

Fungua jiriwa, bana tena ufunguo uleule, pitisha. Kama kupitisha mara ya pili bila kufungua hakukuleta tofauti lakini kufungua na kubana kumeleta, mtuhumiwa ni jiriwa. Angalia chembe za shaba nyeupe na njano chini ya ufunguo, angalia nyuzi za skrubu, angalia uso wa taya.

Chonga nakala moja ukienda kushoto kwenda kulia tu, nyingine kulia kwenda kushoto tu. Mabonde yakiwa yamesogea pembeni kati ya nakala hizo mbili, kareji inacheza kwenye urefu wa shafti yake. Hiki ndicho kilichomkamata yule aliyekuwa amefichwa na springi.

Na geji ya saa? Irudishe, ila ipe kazi tofauti. Ifunge upande wa kisu, ncha yake iguse jiriwa, halafu vuta kareji kwa mizani ya springi ya kuning'iniza, ile ya kupimia mizigo. Kilo nusu, kilo moja, kilo mbili, kisha rudi chini, kisha vuta upande wa pili. Chora grafu. Mstari ulionyooka ni kunyumbuka. Mruko katikati, pale nguvu inapobadili upande, ni mchezo, na upana wa mruko ni upana wa mwanya. Mashine bado imezimwa, Schlesinger hawezi kulalamika, lakini sasa umeisukuma.

Na ile programu ya simu je?

Utaniambia siku hizi simu inapima mtetemo. Ni kweli, na ni kweli pia kwamba ulegevu una alama yake: badala ya mtetemo mmoja unaolingana na mzunguko wa shafti, unaona na vizidishi vyake, mara mbili, mara tatu, na kuendelea, wakati mwingine hata nusu yake. Lakini fanya hesabu kwanza. Shafti inayozunguka mara 1,400 kwa dakika ina mizunguko kama 23 kwa sekunde. Simu inayosoma mtetemo mara 100 kwa sekunde haioni kitu cha kuaminika juu ya 50. Itakuonyesha mzunguko na kizidishi chake cha kwanza, basi. Meno ya kisu, beringi, mtetemo wa kujichochea: vyote viko juu ya dari yake, na vinaweza kujitokeza chini kwa sura ya uongo. Maikrofoni ya simu hiyohiyo inasikia juu zaidi sana, ingawa nayo inasikia stendi nzima.

Hata ukiwa na kifaa kizuri, mtetemo unakuambia kwamba kitu kinagonga. Haukuambii kama kinachogonga kimo kwenye mnyororo.

Wapi hoja yangu inachechemea

Kipimo cha nakala kina gharama. Funguo kumi mbichi ni hela ya mtu, na fundi anayechonga kwa mkono ana mtawanyiko wake mwenyewe. Mkono mzito leo, mwepesi kesho. Ndiyo maana ni lazima mtu yuleyule achonge zote, mfululizo, kwa nguvu ileile. Kwa kalibu kubwa ya chuma, kuchonga nakala tano ili tu uzipime si jambo la busara. Pale unachonga kipande kidogo cha majaribio chenye mteremko na kona, na mantiki inabaki ileile.

Pia kuna watakaosema kitasa ndicho kipimo bora: ufunguo ukifungua, umepita. Sikubali. Kitasa kuukuu kinasamehe, kipya hakisamehi. Ufunguo uliofungua mlango wa banda la kuku unaweza kukwama kwenye mlango wa duka. Wateja wa yule fundi waliorudi walikuwa wenye vitasa vipya. Wengine wote walikuwa na nakala mbovu vilevile, ila milango yao ilikuwa na huruma.

Nilichorudi kumwambia

Nilirudi wiki iliyofuata na funguo mbichi zangu mwenyewe, ilikuwa ndiyo adabu. Tulichonga, tukapima, yeye akisoma vernia na mimi nikiandika. Kabla hatujafika nakala ya tano, alishaona mwenyewe namba zinavyotawanyika. Jiriwa lilisawazishwa taya na kupata skrubu mpya. Kwenye shafti iliongezwa washa moja nyembamba kuziba mwanya. Mota mpya na beringi mpya zipo pale zinazunguka vizuri, kama zilivyokuwa zinazunguka za zamani.

Sisemi tuchome vipimo vya Schlesinger. Nasema tuvisome pamoja na kichwa chake cha habari: bila mzigo. Mashine ya kunakili haina siri ikiwa kazini. Kila ilichokosea inakiandika kwenye shaba na kukukabidhi mkononi. Ukikutana na mashine iliyolegea kesho, kabla ya spana na kabla ya geji, omba kwanza kuziona funguo zilizorudishwa.

Yule fundi alikuwa amezihifadhi zote kwenye kopo la maziwa chini ya meza. Siku ya kwanza sikuuliza.